Wateja wenyewe wataka kuambiwa uongo: fundi aseme kweli vipi?

Mshonaji wa Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nauliza jambo la kazi yangu, lakini naona lawagusa wengi, fundi na asiye fundi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Nashona madera, magauni ya harusi, sare za madrasa, na kanzu za watoto Idi ikikaribia. Ramadhani iliyopita, kwenye darsa la baada ya alasiri, ilisomwa ile hadithi kwamba asiyeacha kusema uongo na kuufanyia kazi, Mwenyezi Mungu hana haja na kule kuacha kwake chakula na kinywaji. Nimeisikia tangu utotoni. Safari hii nilinunua daftari dogo, nikaliweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini, na kila uongo unaonitoka nauandika: nimesema nini, nimemwambia nani, na kweli yake ilikuwa ipi. Mpaka leo naandika.

Nilidhani nitakuta uongo wa pesa. Huo haumo. Kitambaa cha mteja sibakishi hata kipande, na bei ya lesi naitaja nilivyoinunua. Daftari limejaa uongo wa wakati. "Imebaki pindo tu." "Naipiga pasi sasa hivi." "Kijana ndiyo anatoka kuileta." Kurasa na kurasa za nguo ambazo zilisemwa ziko mahali ambapo hazipo. Nilipokaa nikazisoma zote pamoja nikaona mzizi wake. Mteja alikuja na kitambaa, akasema aitaka Ijumaa, nami nilijua Ijumaa haiwezekani, na neno "siwezi" halikutoka. Uongo wa simu ya Alhamisi ulizaliwa siku ile ya kupima. Yaliyofuata yalikuwa ya kuulinda.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu. Dada mmoja wa Shela aliniletea satini ya zambarau na shifoni ya kufunikia juu, gauni la bitana, zipu ya kufichwa, mikono ya kubana, kwa harusi ya nduguye. Gauni kama hilo kulikata peke yake ni asubuhi nzima. Satini huteleza mezani, na shifoni usipoishikiza kwa pini kwenye karatasi huenda upande, ukaja kugundua wakati wa kuunga kiuno. Alipopiga simu, kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa chini ya meza. Mafundi wengi hapo wangesema wako kwenye zipu. Mimi nilimwambia: "Dadangu, sijakikata. Nikianza kesho utalipata Jumatano usiku, kabla ya hapo siwezi." Akanyamaza. Kisha akasema nimemvunja moyo, akaja jioni ile ile akakichukua kitambaa na kukipeleka kwa fundi mwingine aliyemwahidi Jumatatu. Gauni lilitoka Alhamisi mchana, bitana imeshikizwa kwa mkono mbio mbio. Na yule dada akinipita njiani huniambia kwamba fundi yule angalau alimpa moyo. Hili limenikaa kifuani. Kweli yangu ilimkasirisha, uongo wa mwenzangu ukamfariji, na ucheleweshaji hakuuhesabu kwa yeyote.

Wenzangu kwenye safu yetu husema kazi hii haiendeshwi kwa kweli, kwa sababu wateja wenyewe wamezoea kujumlisha. Ukisema Ijumaa, yeye hujua ni Jumatatu. Ukisema Jumatatu, hudhani ni Alhamisi, anachukua mfuko wake anaondoka. Kwa hivyo msema kweli huhesabiwa mwongo sawa na wengine, tena mvivu juu yake. Nifanyeje hapo? Mfungo Sita yaja, wageni wa Maulidi watajaa, kila mtu atataka nguo kwa wakati mmoja, na nina watoto wa kulisha.

Jambo jengine ni mwanangu. Alikuja mama mmoja kuuliza pesa za chama. Nilikuwa jikoni. Mtoto, yuko darasa la pili, akatoka akamwambia, "Mama amevuka Mokowe." Sikumtuma. Hakuna aliyemfunza maneno hayo. Aliitazama sura yangu jina langu lilipoitwa, akatunga mwenyewe, na akalitaja gati la ng'ambo na kila kitu. Nilitoka nikamwambia mgeni nipo na pesa sina mpaka Jumamosi. Mtoto akaangua kilio, akidhani amenikosea, naye alikuwa ananilinda.

Na la mwisho ndilo zito. Jirani yangu ni bi mkubwa anayeshona kofia za vito. Wanaozijua wajua kazi yake: kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, na kofia moja hula majuma. Macho yake yameingia ukungu. Huniletea kofia barazani, akaipitisha kidole, akaniuliza, "Iko sawa?" Nami husema iko sawa, mashallah. Haiko sawa. Vitundu vimepishana, mstari wa ua unapotea njiani, na upande mmoja uzi umelegea mpaka kitambaa chaonekana. Mwenye duka anayezinunua humpunguzia bei na kumwambia soko limeshuka. Basi twamdanganya wawili, mimi kwa huruma na mwenye duka kwa faida, na maneno yake yapata nguvu kwa sababu ya yangu. Hili ndilo lililoandikwa mara nyingi zaidi katika lile daftari. Bi huyu alinishikisha sindano mkononi nilipokuwa mtoto. Siwezi kumtazama usoni nikamwambia kazi yake imekwisha.

Naomba mnijibu kwa yale mnayoyafanya nyinyi wenyewe.

---

Nahodha Mokowe

Waalaikumu salaam dada. Mimi niko kwenye boti za Mokowe na Amu. Uongo wetu wote mwaujua: "Bado wawili tu, twaondoka!" Abiria huingia, huketi juani, boti nusu tupu.

Niliacha kuita hivyo. Husema waliomo ni wangapi na nafasi ni ngapi, basi. Nikuambie ilivyo: mgeni anayeshuka kwenye basi la Mombasa na mizigo yake bado huingia boti ya anayepiga kelele zaidi. Hilo halijabadilika na silingoji libadilike. Waliobadilika ni watu wa kila siku, walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Hao hunipigia simu wakauliza naondoka saa ngapi, na nikiwajibu hawajumlishi. Boti yangu sasa yalishwa na hao. Ilichukua muda na kulikuwa na miezi ya njaa, sikufichi.

Ila kuna pahali ambapo sina majadiliano. Kusi likichachamaa, mwezi wa sita na wa saba, watalii hutaka kupelekwa Kiwayu hivyo hivyo. Huuliza, "Bahari iko vipi?" Ukimwambia shwari kwa sababu waitaka pesa yake, hesabu utailipa mkiwa wote majini. Nahodha aliyezoea kudanganya juu ya viti siku moja atadanganya juu ya bahari, kwa kuwa ulimi umeshazoea na moyo haustuki tena. Mimi nimewaona.

---

Mama Harusi wa Mvita

Mimi nasema kwa niaba ya wateja. Fundi, usiamini kwamba tunataka kudanganywa. Yule dada wa Shela amesema alichosema kwa sababu gauni lilimfika kabla ya harusi. Mimi langu halikufika.

Nilikuja Amu kutoka Mombasa kwa harusi ya mtoto wa dadangu. Kitambaa nilikituma mbele kwa basi, pesa nusu nikatuma. Kila nikipiga simu naambiwa iko tayari, imebaki kutia vifungo. Nikapanda basi na moyo mkunjufu: Malindi, Garsen, Witu, nikafika, nikavuka, nikaenda moja kwa moja kwa fundi kabla hata sijafika nyumba ya harusi. Gauni lilikuwa vipande. Mkono mmoja haujakatwa. Siku ya kupamba, wenzangu wote wa ukoo wamevaa rangi moja, nami nimevaa gauni la kuazima ambalo halifungi mgongoni, nimetupa mtandio mabegani usiku kucha kwenye joto lile.

Lililonikera si kuchelewa. Kazi huzidi, fundi huumwa, umeme hukatika. Ningeambiwa mapema ningenunua la tayari Mombasa, maduka yamejaa. Ile simu ya "imebaki vifungo" ndiyo iliyoninyima nafasi ya kujipanga. Aliamua yeye juu ya harusi yangu bila mimi kujua kwamba kuna jambo la kuamuliwa.

Kwa hivyo endelea. Ukisema "siwezi Ijumaa" umeniachia Ijumaa yangu mkononi mwangu. Nikikasirika, nikasirike.

---

Mwalimu wa Chuo, Mkomani

Mwanangu, Mola akuthibitishe. Nitajibu la mtoto kwanza kwa kuwa ndilo la kazi yangu.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba alipokuwa mtoto mamake alimwita: njoo nikupe kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa ameketi nyumbani kwao. Akamuuliza yule mama alitaka kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia lau hukumpa kitu, ungeandikiwa uongo mmoja. Tazama udogo wa jambo lenyewe. Ni mama na mtoto wake, uani, neno ambalo akina mama wa Amu hulisema kutwa: "Ndoo, nikupe halua." Mtoto huja mbio, halua hakuna, huoshwa miguu. Twalichukulia si kitu, naye Mtume alilisimamisha akaliuliza.

Sasa, wewe hukumtuma mwanao. Lakini alisoma sura yako. Watoto husoma sura kabla ya kusoma juzuu. Ulifanya vyema kutoka ukasema nipo. Bado kazi moja: umweleze kwamba hana haja ya kukulinda, na kwamba deni la mama ni la mama.

Wako watakaokuletea hila za wanavyuoni wakubwa wa zamani. Imamu Ghazali ametaja kwamba Sha'bi alipotafutwa nyumbani naye hataki kutoka, alichora duara, akamwambia mtumishi wake aweke kidole ndani yake na aseme "hayuko hapa". Na Ibrahim an-Nakha'i alimwambia wake aseme "mtafuteni msikitini". Hii ndiyo tauriya, kusema neno la kweli msikilizaji akafahamu jengine. Ina mlango wake katika sheria, na mlango huo ni dharura. Abubakar katika Hijra aliulizwa njiani huyu uliye naye ni nani, akajibu ni mtu anayenionyesha njia. Walikuwa wakisakwa wauawe. Wewe umedaiwa pesa za chama. Ghazali mwenyewe amesema pasipo haja haifai, kwa maana yampa mtu dhana isiyo ya kweli. Na mbele ya mtoto mimi siipendi kabisa, kwa sababu mtoto haoni duara, huona mama aliyejificha.

Kuhusu kazi yako: yule aliyekuta rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikapata umaji, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuuweka juu watu wauone, alikuwa ni Mtume, na Imamu Muslim ameipokea hadithi hiyo. Tarehe ya kumaliza nguo ni sehemu ya bidhaa unayoiuza. Iweke juu waione. Na ukisema "kesho inshallah" huku wajua kesho haiwezekani, umelitaja jina la Mola juu ya jambo ambalo hukulikusudia. Mimi huona hili ni zito kuliko uongo mtupu, na nalisikia kila baraza ya mji huu.

Kwa bi mkubwa, nakushauri upole. Katika hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba, anayesuluhisha watu akafikisha maneno ya kheri hakuhesabiwa mwongo, na yametajwa mambo matatu yenye ruhusa: vita, suluhu, na mazungumzo ya mume na mkewe. Wako wanavyuoni, kama Tabari, waliosema hata hapo ni kwa mafumbo wala si uongo wa wazi. Kofia haimo katika hayo matatu, kwa hivyo usiseme iko sawa. Lakini si kila kweli lazima isemwe. Sifu lililo zuri katika ile kofia, la kasoro linyamazie. Usimvunje mtu mzima.

---

Muuguzi, Malindi

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima yako, hapo kwenye kunyamaza sikubaliani, na nitaeleza.

Nafanya kazi kwenye zahanati, kliniki ya presha na sukari. Kila mgonjwa huulizwa, "Umemeza dawa?" Kila mgonjwa hujibu, "Nimemeza." Mashine ya presha inasema jengine. Wanaongopa kwa nini? Kwa sababu aliyesema kweli mara ya kwanza alifokewa mbele ya foleni nzima. Na matokeo yake ni haya: daktari akiamini dawa zimemezwa na presha bado iko juu, huongeza kipimo. Mgonjwa anarudi nyumbani, siku moja binti yake amekuja kutoka Mombasa anamsimamia, anameza zote sawasawa, presha inashuka ghafla, anaanguka chooni. Nimepokea watu wa namna hiyo.

Nikabadilisha swali. Sasa huuliza: "Wengi huruka siku kadhaa, wewe wiki hii umeruka ngapi?" Majibu yakabadilika siku hiyo hiyo. Wengine hutoa pakiti mfukoni tukahesabu pamoja.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza hili. Mwaka 1996 Bella DePaulo na wenzake huko Marekani waliwapa watu daftari la kuandika uongo wao wa kila siku kwa wiki moja, sawa na lako, fundi. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kama uongo 2 kwa siku, watu wa mjini kama 1. Mwingi waliuona mdogo tu. Na mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 3 na 4 katika shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi, moja ya viboko na nyingine isiyo na viboko. Kila mtoto aliachwa na kitu cha kuchezea nyuma yake, akaambiwa asichungulie. Wengi walichungulia. Walipoulizwa, katika shule ya viboko karibu wote waliochungulia walikana, na katika ile nyingine walikana zaidi kidogo ya nusu. Tena wale wa viboko waliushikilia uongo wao kwa ustadi zaidi. Kilichowafanya wakane ni bei ya kusema kweli. Anayepokea habari kwa kufoka ndiye anayeipandisha hiyo bei.

Na hili la nahodha, kwamba moyo haustuki tena, nalo limepimwa. Mwaka 2016 Neil Garrett, Tali Sharot na wenzao wa London waliangalia ubongo wa watu wakidanganya kwa faida yao. Kadiri walivyorudia, udanganyifu ulikua, na ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hisia, amigdala, ikapunguza mwitikio.

Sasa bi mkubwa. Fundi, umesema macho yameingia ukungu. Kama ni mtoto wa jicho, hutolewa kwa upasuaji mfupi na wengi huona tena vizuri. Lakini si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Presha ya macho hula mishipa kimya kimya, na kilichopotea hapo hakirudi. Kwa hivyo "iko sawa, mashallah" inamchelewesha kwenda hospitali. Nawe Mwalimu, kuinyamazia kasoro kunamchelewesha vile vile. Wewe, fundi, ulidhani utamwambia kazi yake imekwisha. Huna elimu ya kusema hilo, na hakuna aliyekuuliza hilo. Amekuuliza kama kofia iko sawa. Jibu swali lake, kisha sema unachokijua: kwamba macho yapimwe.

---

Mshonaji wa Langoni

Nawashukuru nyote. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka nije na jambo nililolifanya.

Dukani nimebandika karatasi ukutani, juu ya meza ya kukatia, yenye nguo zote zinazongoja na tarehe ya kila moja. Mteja akiingia husoma mwenyewe ziko ngapi mbele yake. Kabla sijafungua mdomo anajua Ijumaa haipo. Wawili waligeuka wakaenda zao. Mwengine aliniuliza ipi ya haraka zaidi, nikamwambia dera lisilo na bitana, akabadilisha mshono papo hapo. Mama Harusi, yale maneno yako ya kuachiwa Ijumaa yako ndiyo niliyoyasimamia. Nguo za Maulidi nimeshazifunga: nimehesabu naziweza ngapi, dipoziti za hizo nimezipokea, na anayekuja sasa namwambia siwezi na kumtajia fundi ambaye bado ana nafasi. Mwenzangu mmoja ameniambia nafukuza riziki. Sijui bado. Nahodha amesema kulikuwa na miezi ya njaa, nami nimejiandaa kwa hiyo.

Mwanangu nilikaa naye, nikamwambia deni ni langu. Akauliza, "Na akija mtu mbaya?" Swali zuri, na sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia asifungue mlango, aniite. Hana haja ya kutunga kitu.

Bi mkubwa alikuja jana na kofia. Akaniuliza. Nikamshika kidole cha shahada nikakiweka pale mstari wa ua unapopotea, nikakipitisha polepole kitundu kwa kitundu, mpaka pale uzi umelegea. Nikasema, "Bibi, hapa mpaka hapa haiko sawa. Na zilizopita pia hazikuwa sawa." Alikaa kimya muda, kidole bado kiko palepale. Kisha akasema kwa ukali, "Kwa hivyo yule mwenye duka amekuwa akijua." Nikasema ndiyo. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia. Alikasirika, akaniambia yeye alinifunza kufumua mshono mbovu, sikufunzwa kuusifu. Akaondoka bila kuaga. Leo asubuhi alimtuma mjukuu wake kuniita, nikaenda, tayari ameshavaa buibui, ataka nimpeleke macho yapimwe wiki ijayo siku ya kliniki, na ameshanipangia hata saa ya kutoka. Bado hanizungumzishi sana.

Muuguzi, nina swali. Bibi huyu ana presha na sukari, ana vidonge vya rangi tatu kwenye kopo la maziwa. Mjukuu asema siku nyingine huvimeza na siku nyingine husahau. Kama watasema apasuliwe, aviache kwanza? Na niseme vipi huko hospitali asije akafokewa?

---

Muuguzi, Malindi

Asiache kidonge chochote kwa shauri lake wala kwa langu. Daktari wa macho ndiye atakayesema, na kabla ya upasuaji watataka presha na sukari vishuke kwanza, kwa hivyo huenda wakamrudisha mara moja au mbili. Mwambie mapema ili asidhani wanamzungusha.

Chukua kopo lote kama lilivyo, usivihamishe kwenye mfuko. Mezani lifungue wewe, sema: "Hivi ndivyo vilivyobaki, na siku nyingine husahau." Lisemwe kabla hajaulizwa. Akifokewa, mwambie muuguzi kwa adabu kwamba mgonjwa ametoa habari kwa hiari yake. Naye bibi mwenyewe aulizwe kama yuko radhi ulisemee hilo, maana vidonge ni vyake. Na kofia moja ya hizi za karibuni ichukueni. Daktari akiiona ataelewa ni kazi gani ya karibu inayomshinda, na ni rahisi kwa bibi kueleza akiwa na kazi yake mkononi.